Meza Iwe Tupu Kwanza

Alikuwa na mikono myepesi, na mikono hiyo siipendi mpaka leo. Naanza hapo ili nisije nikawadanganya. Wengine wakimkumbuka mtu hukumbuka mema yake, machozi yakawalengalenga. Mimi huyu namkumbuka kwa kijiba cha roho. Tulikuwa wauzaji wawili katika duka moja la Rumonge, duka la vifaa vya uvuvi, pale karibu na njia ya kushukia ziwani. Mwaka wa Uhuru tulipimwa kwa saa, mimi na yeye, ili ijulikane nani mwepesi zaidi, na atakayeshinda apewe funguo za chumba cha nyuma. Funguo nilipewa mimi. Ila tangu siku ile sikujua kama nilimshinda kweli au aliniachia tu, na jambo hilo lilinila roho miaka yote niliyomfahamu.

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Hayo waulizeni waliompenda. Mimi nilimwita Yaya, maana huku kwetu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, naye aliniita mudogo wangu, hata siku alizokuwa amenuna. Mwenye duka tulimwita Hadji, kama mji mzima ulivyomwita.

Mtu asiyejua uvuvi wa kwetu atadhani duka la namna ile ni nyavu na kamba basi. La! Ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, taa za karabai zinazoning'inizwa nje ya mtumbwi, na taa ya karabai ina vidude vingi kuliko unavyofikiri. Ina nipeli ya kurushia mafuta, ina ngozi ya pampu, ina kioo, ina kile kisoksi kinachowaka cheupe, ina vizibo na visukurubu vya kila aina. Vyote hivyo vilikaa katika maboksi, maboksi katika rafu, rafu katika chumba cha nyuma tulichokiita depo. Wavuvi walikuja alasiri, wote kwa pamoja, kila mmoja ameshika kitu kilichoharibika katika kiganja chake na kusema, "Kama hii, mama, fanya mbio." Jua lilikuwa linateremka na wenzake wako majini wanamngoja. Kwa hiyo pale dukani uzuri wa mtu haukuwa sura wala tabia, ulikuwa ni muda anaotumia kuingia depo na kutoka na kile kitu.

Sasa Yaya, jamani, alijipenda. Msidhani ni yule mtu mnyenyekevu wa hadithi. Alijipaka wanja asubuhi kuja kuuza ndoana. Mikono yake aliipaka mafuta ya mawese yaliyochujwa mara mbili, akavaa pete tatu za fedha, na wavu hakuugusa hata siku moja. "Miye mikono yangu ni ya vitu vidogo," alisema, na mafungu ya nyavu nikabeba mimi, na mgongo ukauma mimi. Wanaume walipokosea jina la kitu aliwacheka mbele ya wenzao, akaigiza walivyokitamka, nao badala ya kukasirika wakarudi kesho yake kuchekwa tena. Mimi nikimcheka mteja anaondoka na harudi. Nielezeni hiyo.

Umri wake aliudanganya kila mwaka. Mwanamke aliyeingia dukani kabla yangu, mwenye watoto wakubwa, eti alikuwa akinizidi kidogo tu. Alisema uongo kuhusu bei ya kanga zake, kuhusu nani alimposa na nani hakumposa. Lakini likija suala la kupima, Mungu wangu, hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Hapo hakutania wala hakutaka kutaniwa.

Nilimwona kwenye harusi moja kule Kizuka, kijiji cha jirani. Wanawake wawili wa kule walikuwa wamekamua mawese, kila mmoja anasema yake ni matamu zaidi, wakamwomba Yaya aonje aseme. Akaonja ya kwanza. Wote tunamtazama mdomoni. Badala ya kuonja ya pili akaomba maji, akasukutua, akatema, akaomba kipande cha muhogo uliochemshwa bila chumvi, akatafuna polepole, akakaa. Wali unapoa! Mwenye harusi akauliza, "Unangoja nini, mama?" Akajibu, "Ulimi ungali na ya kwanza. Nikionja sasa nitaonja zote mbili pamoja, halafu nitamuonea mutu." Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mimi nikasema moyoni, huyu anapenda kutazamwa tu. Na kweli alipenda kutazamwa. Lakini hata yule aliyeshindwa alikubali hukumu, akamfungia na chupa ya kwenda nayo nyumbani.

Akaja kunifanyia mimi yaleyale, tena kwa mtoto wangu. Binti yangu mkubwa alikuwa anajifunza sura pale chuoni kwa mwalimu, na siku moja nilimleta dukani asome mbele ya Hadji, maana mama gani hapendi kujisifu? Mtoto akasoma mbio, bila kukwama. Hadji akasema mashallah. Yaya akauliza, "Amefunga kitabu saa ngapi?" Nikasema, "Sasa hivi, hapo mlangoni." Akasema, "Basi haujajua kitu. Mwache akachote maji, akacheze na wenzake, ale. Arudi jioni tumuulize tena." Mtoto akaenda, akacheza, akala. Aliporudi akaanza vizuri, akafika katikati, akakwama, akaanza kulia. Wiki nzima sikumwamkia Yaya. Alinisalimia "Amahoro, mudogo wangu," mimi nikapanga kamba. Baadaye mtoto aliijua sura ile kisawasawa, alijaribiwa akiwa ametoka kucheza, akiwa na usingizi, akiwa na njaa, akasoma yote, na Yaya akamvisha pete moja kati ya zile tatu. Mtoto akawa anampenda kuliko shangazi zake. Sikumshukuru.

Sasa nije kwenye siku za kupimwa, maana najua ndizo mnazozingoja.

Mzee aliyekuwa akitunza depo alirudi kwao ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mara tu baada ya sherehe za Uhuru. Hadji akabaki na funguo na wauzaji wawili. Anayeshika funguo ndiye angekaa kwenye kiti, ndiye angepanga rafu anavyotaka, ndiye wavuvi wangemwita mama mwenye depo. Nilizitaka zile funguo kuliko nilivyowahi kutaka pete ya ndoa. Nilikuwa nimebeba nyavu za kutosha.

Hadji alikuwa amenunua saa ya mkononi kule Usumbura, yenye mshale mwembamba mwekundu unaokimbia, na alikuwa anatafuta kila sababu ya kuitumia. Akasema, "Tutapima. Nitataja vitu, mtaingia mmoja mmoja, saa itasema." Akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa depo. Nikaanza mimi. Akaita: kioo cha taa, nipeli, ndoana kubwa ya sangala, ngozi ya pampu, uzi mweusi. Niliingia nikahangaika humo ndani, nikafunua maboksi, nikapiga goti kwenye rafu ya chini, nikapiga kichwa kwenye rafu ya juu. Kila nilichokipata nilikileta nikakiweka kwenye meza ya duka. Nilitoka natiririka jasho.

Akaingia Yaya. Hadji akaita vitu vilevile. Basi Yaya hata depo hakuingia vizuri. Alichukua nipeli kwenye meza, kioo kwenye meza, ndoana kwenye meza, vyote pale nilipoviweka mimi kwa jasho langu, akavisogeza mbele ya Hadji kama anayeondoa vyombo vya chakula. Hadji akatazama saa yake, akapiga paja. "Eh! Huyu ni umeme! Shika funguo, mama."

Nikafungua mdomo nipige kelele, maana Hadji, macho kwenye saa yake, alikuwa hajaona alichokifanya Yaya. Lakini Yaya akanitangulia. Hakuzigusa funguo. Alisimama na mikono kiunoni.

"Hadji, saa yako imepima nini?"

"Si imepima mwendo wako!"

"Apana. Vitu vyote viko hapa kwenye meza, Zaina huyu amesha kuvitafuta. Ata mutoto angevileta. Umepima meza, haukunipima mimi."

Hadji akaitazama meza kwanza, kisha saa. "Sasa unataka nini?"

"Meza iwe tupu kwanza. Kila kitu kirudi mu depo, mu boksi yake, na mufuniko juu. Na leo basi. Leo kichwa yangu ingali ya moto, nimesikia vyote ulivyomutajia huyu. Tupime kesho kutwa, vitu vingine. Mwenye kungoja ashuke ziwani, asisikie. Na huyu akimaliza vitu virudi tena mahali pake, kisha njo niingie mimi."

Hadji alikubali, ingawa nilimwona amechoka kabla hajaanza. Na mimi? Mtu akikuibia ushindi unamchukia, hiyo inaeleweka. Mimi nilimchukia mtu aliyekataa kuniibia. Alikuwa amenipokonya hata ile haki ya kulalamika. Wavuvi waliokuwa mlangoni walikwenda wakitangaza pwani nzima jinsi Yaya alivyokataa funguo za bure, na hakuna hata mmoja aliyetaja jasho langu.

Kesho kutwa tukapimwa upya. Meza ilikuwa tupu, imefutwa. Maboksi yote yamefunikwa. Zamu tulipigia kura kwa vijiti, nikatangulia mimi tena. Hadji akataja vitu ambavyo hakuna aliyeviwaza, na cha mwisho kilikuwa kizibo cha shaba cha zile taa za zamani za Wagiriki waliowahi kuvua ziwani kwetu, taa ambazo mvuvi mmoja au wawili tu walikuwa bado wanazo. Nilikijua kilipo. Nilikuwa nimefagia kona ile nikaliona lile boksi bovu chini kabisa nyuma ya madumu. Nikakitoa. Tukarudisha kila kitu, tukafunika, nikashuka ziwani nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Nilipochoka kungoja nikapanda, nikakuta Yaya bado yuko ndani. Tulimsikia anasogeza maboksi, moja, jingine, jingine. Hadji alikuwa ameinama anatazama mshale wake mwekundu. Mwisho Yaya akatoka. Mikono mitupu, kizibo hakuna. Akaifuta kwenye kanga yake kidole kwa kidole, akasema, "Hongera, mudogo wangu," kisha akacheka. Alicheka sana, kichwa nyuma, meno nje. Hadji akanipa funguo.

Kicheko kile ndicho kilichoniua. Mtu aliyeshindwa anacheka hivyo? Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshasikia. Alikuwa mvuvi, kwa hiyo alikuwa mmoja wa watu wa Yaya. Akaniambia, "Hongera. Lakini Yaya akose kizibo? Yule? Amekuhurumia." Akasema kwa wema kabisa, anaosha miguu. Nikamwambia ajipakulie chakula mwenyewe.

Miaka iliyofuata nilizikalia zile funguo. Nilipanga depo vizuri, wallahi, kila kitu na jamii yake. Ila siku zikaenda nikaona kitu. Wavuvi wanakuja, wanapata wanachotaka, wanaondoka, na mimi mlango wa depo sijaufungua. Kwa nini? Kapu! Yaya alikuwa na kapu la ukindu chini ya meza, limefunikwa kitambaa. Kila mchana, duka likiwa kimya, alikuja kwangu kwa adabu, "Mudogo wangu, nipe nipeli mbili, nipe vioo, nipe ngozi ya pampu moja," nami nampa. Alijua nani jana alirudi na taa inayokohoa. Alijua mtumbwi wa nani uligonga jiwe kule Kabezi. Alasiri mtu akifungua kiganja chake aseme "Kama hii," kile kitu kiko juu ya meza tayari, na pete zinang'aa. Mimi nilikuwa na funguo, yeye alikuwa na watu.

Nilimshtaki kwa Hadji. Nilisimama mbele yake nikasema, "Huyu si ndiye aliyesema meza iwe tupu? Si ndiye mwenye kusukutua mdomo harusini? Sasa mbona anajiwekea vitu karibu? Huo si udanganyifu uleule?"

Hadji akamwita ajibu. Yaya hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini.

"Nikipima nataka kujua kweli," akasema. "Nikiuza nataka mutu awahi ziwani. Wewe unataka nimuache mvuvi hapo mulangoni anangoja juu ya kitu najua atakiomba? Siku ya kupima nitamwaga kapu yote chini, mwenyewe utaona. Leo hatupimi."

Hadji akasema, "Umesikia?" Nilisikia. Nilielewa pia, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikawa nampa vile vitu kila mchana huku nimekunja uso.

Kisha ukaja mwaka wa 1972. Wenyewe mnajua, na asiyejua amwulize mtu wa kwetu aliye tayari kusema. Kwanza walikuja wenye mapanga, baada yao wakaja wenye bunduki, na kila kundi lilikuwa na watu wake linaowatafuta kuwaua. Mimi nasimulia duka tu, mengine siyawezi.

Minong'ono ilikuwa imeanza siku nyingi nyuma. Siku hizo Yaya aliponijia mchana hakuomba nipeli. Aliomba buji za injini, zile plagi za kuwashia mashua kubwa, na pini za pangaboi, na kamba. Nikamwambia, "Yaya, nani atanunua buji zote hizo? Wenye injini unawahesabu kwa vidole." Akasema, "Nipe tu." Nikampa kwa kumkomoa, nikisema moyoni safari hii atakaa nazo mpaka zishike kutu, na watu waone.

Siku watu walipoanza kukimbia kuelekea ziwani ilikuwa saa za mchana, jua kali. Hadji alitaka kufunga, lakini wavuvi walijaa mlangoni wanapiga kelele, huyu buji, huyu pini, huyu kamba, na nyuma yao wake zao na watoto na magodoro. Nilishika funguo. Ufunguo ukakataa kuingia. Ulipoingia, nikasimama ndani ya depo lile nililolipanga kwa mikono yangu mwenyewe, na sikujua kitu kiko wapi. Sikujua! Nilikuwa naona maboksi tu. Nikashika boksi la ndoana, nikalirudisha, nikalishika tena.

Nilipogeuka, Yaya alikuwa amelimwaga kapu lake juu ya meza. Buji zote. Pini zote. Alikuwa anawapa watu bila kuuliza, anamtazama mtu usoni anampa chake, huyu huyu huyu, na watu wanachukua wanakimbia. Hakuna aliyekosa. Mume wangu akanivuta mkono. Nikasema, "Depo liko wazi!" Yaya akanisukuma mgongoni, akasema, "Panda mashua, mudogo wangu. Funguo yako itafungua nini leo?"

Hadji alibaki kwenye kigoda chake. Hatukusikia habari zake tena.

Tulivuka. Watu ndani ya mashua wanalia, wengine wanaomba dua, na mume wangu ameshika usukani wa injini iliyokuwa inaunguruma kwa buji ya lile kapu. Akasema, "Mungu amlinde yule mwanamke." Na mimi, Astaghfirullahi, pale pale juu ya maji, watoto wangu wamenilalia mapajani, nilikuwa na wivu. Nilikuwa hai kwa sababu yake, na roho iliniuma kwamba ni yeye. Funguo zilikuwa bado mkononi mwangu. Nikazifunga kwenye pindo la kanga.

Tuliishi Kigoma. Habari za Yaya zilikuja vipande vipande: kwamba alivuka siku ileile kwenda upande wa Kongo, kwamba ameugua, kwamba amepona. Halafu mtu akaniambia yuko Ujiji, anauza vifaa vya taa kwenye kibanda karibu na wanakoshushia ndagala. Nilijiambia siendi. Nikaenda.

Nilimkuta amekaa nyuma ya meza ndogo. Alikuwa amekonda, uso umeingia ndani, pete imebaki moja. Wanja ulikuwepo. Wateja walikuwepo pia, bila shaka, wamejipanga wanachekwa. Kapu lilikuwa chini ya meza.

"Amahoro, Yaya."

Aliinua macho, akanitazama mpaka wateja wakageuka. "Mudogo wangu," akasema. Akasimama tukakumbatiana, na nikasikia mifupa yake. Nami sikuweza kungoja hata akae. Nilimwuliza pale pale, kabla ya kuuliza afya yake, kabla ya pole. "Yaya, siku ile ya kizibo. Uliniachia?"

Akaniachia mabega. "Sitakujibu hivi," akasema. "Umeniona sasa hivi, moyo wako umejaa mambo mengi, na wangu vilevile. Kaa kwanza. Tunywe chai. Tuongee ya watoto. Ukitulia, ukaona hilo swali lingali liko, niulize."

Yaleyale! Nilitaka kuondoka. Nikakaa.

Tukaongea. Nikamwambia binti yangu ameolewa na ile pete bado anaivaa. Akaniambia nani alifika ng'ambo na nani hakufika. Tukafika kwa Hadji, na saa yake, na alivyopiga paja, tukacheka, halafu hatukucheka tena. Nikawa kweli nimelisahau swali. Akainuka kwenda kwa jirani kuomba sukari, akaniambia nimwangalizie meza.

Akaja mteja akataka kisoksi cha taa. Nikainama nikafunua kapu. Juu kabisa, juu ya vitu vyote, kabla ya visoksi na kabla ya nipeli, palikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa kisafi. Nilikifungua. Kilikuwa kizibo cha shaba cha taa ya Wagiriki. Kimesuguliwa kinang'aa. Taa zile nilikuwa sijaziona tangu Rumonge, na sidhani Ujiji palikuwa na hata moja. Nikakifunga kama nilivyokikuta, nikamhudumia mteja.

Yaya akarudi, akatia sukari, akakoroga, akanisogezea kikombe. "Sasa," akasema. "Swali lingali liko?"

"Liko."

"Uliza."

"Uliniachia?"

"Sikukuachia. Ulinishinda."

"Kwa haki?"

"Kwa haki gani tena kuliko ile? Mimi mwenyewe njo nilimufundisha Hadji kupima."

"Mbona ulicheka vile?"

"Ulitaka nilie mbele yako?" Alikuwa anatazama chai yake. "Nililia nyumbani. Na kila mchana nilipokuja kukuomba vitu, umekaa kwenye kile kiti na funguo kiunoni, nilikuwa naumwa hapa." Akagusa kifua. "Iko inaniuma mpaka leo, Zaina. Hapa nilipo sina kitu, nimezika watu, na ile kitu iko inaniuma."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu akizungumza nami. Nilisema pole. Ilikuwa pole ya uongo. Ndani yangu kulikuwa na vigelegele, jamani, mwanamke mzima na wajukuu wako njiani, nilitaka kusimama nicheze mbele ya wale wauza ndagala. Nilikuwa nimemshinda! Na yeye, mwenye watu, mwenye mikono, alinionea wivu mimi mbeba nyavu. Nikafungua pindo la kanga, nikazitoa funguo za depo la Rumonge, nikaziweka mezani katikati ya vikombe. Sijui nilitaka kumpa au kumwonyesha tu.

Akazitazama. Jicho lile la wivu nalijua vizuri, nimeishi nalo miaka yote ile, ila sikuwa nimewahi kutazamwa nalo. Kisha akavuta kitambaa, akaanza kufuta chai iliyomwagika.

"Ondoa hivyo vyuma vyako," akasema. "Meza iwe tupu."